Nungunungu Asiye na Ndugu

Katika nchi ile hapakuwa na haja ya kumfundisha mtu sheria ya kwanza, kwa maana watoto waliijua kabla ya kujua kuhesabu: asiye na ndugu wawili haingii. Mgonjwa aliyefika hospitali alisindikizwa na ndugu wawili waliotia sahihi kwamba wanamtambua. Marehemu naye hakupokelewa makaburini mpaka wawili wa damu yake wathibitishe kuwa ni yeye, na kwamba ni kweli amekufa. Baiskeli haikupewa kibao cha namba mpaka ziletwe baiskeli nyingine mbili za kiwanda kilekile kuishuhudia. Sheria hiyo ilileta amani kubwa. Wageni walioikosoa waliulizwa ndugu zao wako wapi, nao wakanyamaza.

Jina la nchi sitalitaja. Raia wake hulitaja asubuhi na jioni kwenye gwaride, na hilo latosha.

Mwaka ule Serikali iliamua kuandaa mashindano ya sataranji ya mtandaoni, ambayo wachezaji wake si watu bali ni programu za kompyuta. Kila programu hukaa katika mashine yake na kutuma hatua zake kwa mtandao, nao wanadamu hawana kazi ila kutazama. Wizara ya Michezo ya Kuketi ilivutiwa hasa na jambo hilo la mwisho. Mataifa arobaini yalikubali kushiriki kwa sharti moja tu, kwamba programu yoyote isiwe nakala ya nyingine. Wizara ililipokea sharti hilo kwa mikono miwili, kisha ikaongeza lile la nyumbani: kila programu ya raia ije na ndugu wawili.

Karani mmoja aliandika pembeni ya waraka wa Wizara kwamba kisichofanana na kingine hakiwezi kuwa na ndugu, na chenye ndugu hakiwezi kukosa kufanana nao. Alipandishwa cheo siku ileile, akapelekwa mpakani kuhesabu fisi.

Kifungu cha mwisho cha waraka kilikuwa kifupi. Programu itakayokataliwa itafutwa papo hapo pamoja na nakala zake zote, isije ikazurura.

*

Raia wawili tu ndio walioandikisha programu. Wa kwanza alikuwa Bwana Ladislaus Chenga, shemeji yake Waziri, mwenye programu iliyoitwa Ushindi wa Daima. Bwana Ladislaus alikuwa pia ndiye mtaalamu wa nasaba katika Kamati ya kuchagua programu, kazi aliyojifunza katika idara ya mifugo, alikopanga ndoa za madume ya ng'ombe kwa miaka kumi na saba. Kwamba mtu mmoja anaomba na yeye mwenyewe anajikubali, jambo hilo liliitwa uwazi, kwa sababu kila mtu aliliona.

Wa pili alikuwa Bibi Skolastika Nambunga, mjane wa miaka hamsini na minane, msoma-kipimo cha maji ya mto katika kituo cha serikali. Maji ya mto hupanda polepole. Mtu anayeyasoma hupata nafasi ya kufikiri. Kwa miaka kumi na mmoja, baina ya kipimo na kipimo, aliandika programu ya sataranji, akaiita Nungunungu, kwa kuwa haikuwa na haraka ya kushambulia lakini aliyeigusa alijuta.

Yafaa msomaji ajue kwa nini mwanamke huyo aliandika. Marehemu mumewe, Kalisti, alikuwa mchezaji wa sataranji ambaye hakuna aliyemshinda katika wilaya nzima, na ambaye hakuandika hata mstari mmoja juu ya namna alivyofikiri. Kalisti hakumla askari wa bure kabla ya kujiuliza aliyemwacha pale alikuwa na nia gani. Akimwona farasi wa adui amesimama pembeni, alimwacha asimame, akisema, "Huyo amejifunga mwenyewe, tusimsumbue." Mambo hayo yote Skolastika aliyakumbuka moja baada ya jingine, akayageuza kuwa amri za kompyuta. Nungunungu ndiye aliyebaki na fikra za Kalisti. Kumfuta kungekuwa kumzika mtu mara ya pili, tena bila kaburi.

*

Kamati iliagiza kila mwombaji afike mwenyewe kwa usaili. Skolastika aliibeba kompyuta yake mgongoni kwa kanga, maana ilikuwa nzito na ya kizamani, akaingia ukumbini nayo. Diski tatu zenye nakala alikuwa amekwisha kuzisalimisha mlangoni, kama waraka ulivyotaka.

Mwenyekiti, Mheshimiwa Dokta Zeferini Mkongoja, alitazama kanga ile kwa muda mrefu.

"Mtoto ana umri gani?"

"Miaka kumi na mmoja, Mheshimiwa."

"Na bado anabebwa?"

"Miguu hana, Mheshimiwa."

"Andika," Mwenyekiti alimwambia katibu wake, Kaspari Mwasenga. "Ulemavu."

Kompyuta iliwekwa juu ya kiti cha msailiwa. Kaspari, kijana mwenye adabu aliyevaa tai iliyomkaba, akasoma swali la kwanza: "Jina lako kamili?"

Ukumbi ulisubiri. Feni ya kompyuta ilivuma.

"Mbona hajibu?" aliuliza Mwenyekiti.

"Hajui maneno, Mheshimiwa. Anajibu kwa hatua za sataranji."

"Bibi, mimi nimewasaili mabubu wawili na balozi mmoja, na wote walinijibu. Kaspari, mwapishe kwanza. Huenda hajibu kwa sababu hajaapa."

Ikaletwa Katiba. Ilipoonekana kwamba mwapaji hana mkono, Kamati ilijadiliana, ikaamua kwamba waya wa umeme ndio mkono wa kompyuta. Kaspari akauchomoa waya ukutani kwa heshima ili auweke juu ya Katiba, na kompyuta ikazimika.

"Amezimia!" alisema Bwana Ladislaus. "Huo ndio uzito wa kiapo kwa mwenye dhamiri mbaya. Ng'ombe mwenye kasoro hufanya vivyo hivyo mnadani."

"Mmemkata umeme, bwana wangu," alisema Skolastika.

"Mama, kuhusu kasoro usinifundishe."

Waya ukarudishwa. Nungunungu akaamka. Ikaandikwa katika kumbukumbu kwamba msailiwa alizimia, akazinduka, akakaa kimya maswali yote kumi na manne, ila alionyesha kuheshimu Katiba kwa kutoikanyaga.

*

Baada ya usaili ilikuja zamu ya kipimo cha nasaba, nacho, lazima nikiri, kilikuwa kipimo cha haki. Mataifa yale arobaini ndiyo yaliyokidai. Kila programu hupewa mafumbo mia mbili ya sataranji na kuulizwa ingecheza hatua gani. Zile ambazo zinajibu sawasawa, hasa zinazokosea sawasawa, ni za ukoo mmoja. Kazi hiyo alipewa Kaspari kwa sababu hakuna mjumbe mwingine aliyetaka kuifanya. Kosa la Kamati lilikuwa hilo: kumpa kazi mtu ambaye ataifanya.

Asubuhi ya tatu Kaspari alisimama mbele ya Kamati, karatasi mkononi.

"Mheshimiwa, Ushindi wa Daima amefanana na programu moja ya kigeni iitwayo Kometa, ambayo hutolewa bure mtandaoni. Mafumbo mia mbili kati ya mia mbili."

"Hiyo ni alama nzuri," alisema Mwenyekiti.

"Katika fumbo la kumi na moja Kometa humtoa malkia wake aliwe bure. Ushindi naye alimtoa. Tena, ukimwasha Ushindi, kabla ya bendera yetu kutokea, huonekana kidogo maneno 'Kometa, toleo la nne'."

Mwenyekiti aligeuka taratibu kumtazama Bwana Ladislaus. Bwana Ladislaus hakubadilika uso.

"Hao wageni wametuiga," alisema.

"Kometa ilitolewa miaka tisa kabla ya Ushindi, Mzee," alisema Kaspari kwa sauti ndogo.

"Hapo ndipo uone ukubwa wa wizi wenyewe! Mwizi wa kawaida huiba ulichokwisha kutengeneza. Hawa wameiba kabla hatujatengeneza. Sisi tulipokuja kutengeneza, tukakuta hakuna kilichobaki ila hichohicho."

Kamati ilipiga meza kwa masikitiko. Kometa ikapigwa marufuku ndani ya mipaka yote ya nchi. Bwana Ladislaus aliombwa, kwa heshima tu, aongeze katika programu yake jambo moja la kizalendo ili wezi wasiitambue tena, naye akaahidi kufanya hivyo.

"Na huyu mwingine?" aliuliza Mwenyekiti.

"Nungunungu hafanani na yeyote, Mheshimiwa. Aliyemkaribia zaidi amefanana naye mafumbo thelathini na moja tu. Ni wa asili yake mwenyewe kabisa."

Kaspari alidhani ametoa habari njema. Lakini Mwenyekiti aliivua miwani yake, akaifuta, akaivaa tena.

"Kwa hiyo hana ndugu."

Kaspari aliitazama tena karatasi yake.

"Hana hata mmoja?"

"Mheshimiwa, sharti la kwanza ni kwamba asiwe nakala ya..."

"Kaspari! Nimekuuliza juu ya ndugu. Mtu asiye na ndugu ni nini katika nchi hii?"

"Ni... haingii, Mheshimiwa."

"Kesho saa sita kamili mchana," alisema Mwenyekiti. "Alete ndugu wawili, ama afutwe."

*

Kesho yake, saa tano na nusu, Bwana Ladislaus alimfuata Skolastika kwenye benchi la nje, akaketi kando yake kama jirani mwema.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Mama yangu, mimi si mtu mbaya. Nimekuandalia karatasi. Inasema Nungunungu ni mtoto wa Ushindi wa Daima. Ukitia sahihi, anapata baba leo hii, nami nitamtafutia shangazi. Ataingia mashindanoni. Akishinda, ushindi ni wa baba yake, kama ilivyo desturi. Akishindwa, tutasema alikuwa mkaidi tangu utotoni."

Skolastika aliisoma karatasi yote, hata yale maandishi madogo.

"Baba yake namjua," alisema. "Nilimfulia mashati miaka ishirini na sita."

"Mama, saa sita haina huruma."

"Wala uongo hauna, bwana wangu. Ukiisha kuutia sahihi, utakuomba sahihi nyingine."

Akamrudishia karatasi. Nisingependa msomaji afikiri kwamba alikuwa jasiri. Mikono yake ilikuwa baridi kama ya mtu aliyetoka kuchota maji alfajiri, akaificha ndani ya kanga.

Saa sita kasoro dakika nne Kamati iliketi. Nungunungu aliwashwa, na Kaspari akaamriwa kusimama mbele ya kompyuta. Katikati ya kioo palikuwa na swali moja: *Futa vyote?* Alichobakiza ni kubonyeza kitufe kimoja. Diski tatu zilikuwa mezani kando ya nyundo.

"Bibi Skolastika, ndugu wako wapi?"

"Hawapo, Mheshimiwa."

"Una neno la mwisho?"

"Nina swali, kama Kamati itaniruhusu."

"Swali linaruhusiwa. Jibu ndilo litakalofikiriwa."

"Ndugu wawili wa Ushindi wa Daima ni akina nani?"

Bwana Ladislaus akacheka. "Ushindi! Mama, Ushindi ana ukoo mkubwa kuliko..."

"Maana ndugu pekee aliyeonekana kwenye kipimo ni Kometa," aliendelea Skolastika, akisema polepole kama mtu anayesoma kipimo cha mto. "Kama Kometa ni ndugu yake, basi Ushindi ni nakala, naye anafutwa kwa sharti la mataifa. Kama Kometa si ndugu yake, basi Ushindi hana ndugu, naye anafutwa kwa sheria ya nchi. Mimi naomba kujua tu tunaanza na yupi, kwa kuwa nyundo ni moja."

Saa ya ukutani ilisikika. Zilibaki dakika mbili. Kaspari hakukiondoa kidole chake juu ya kitufe, wala hakukishusha.

Mwenyekiti alimtazama mtaalamu wa nasaba. Mtaalamu wa nasaba alitazama dari. Kumfuta Ushindi kulikuwa kumfuta shemeji yake Waziri, na mtu hafanyi hivyo akiwa bado anaishi katika nyumba ya serikali. Ndipo, dakika moja kabla ya saa sita, uso wa Mwenyekiti uling'aa, akasimama wima na kuvuta koti lake.

"Wananchi! Nani alisema Ushindi hana ndugu? Utangulizi wa Katiba unasemaje? Mheshimiwa Rais ni Mzazi wa Wote, na kila kilichozaliwa ndani ya mipaka yetu ni mtoto wake! Ushindi alizaliwa hapa. Basi baba yake ni Rais, na ndugu zake ni sisi sote, milioni kumi na tisa!"

Makofi yalipigwa kwa nguvu. Bwana Ladislaus alilia kidogo. Makofi yalipokoma, Skolastika bado alikuwa amesimama.

"Nashukuru, Mheshimiwa. Nungunungu alizaliwa katika kituo cha mto, maili arobaini ndani ya mipaka. Ama mpaka umesogezwa?"

Kusema kwamba Nungunungu si mtoto wa Rais kulikuwa kusema kwamba Rais si mzazi wa wote, na kwa neno hilo kulikuwa na gereza maalumu, lenye bustani.

Saa ikagonga sita.

"Kaspari," alisema Mwenyekiti, "ondoa kidole chako kwa mtoto wa Rais."

*

Mashindano yalichukua siku tisa. Yale ya katikati nayaacha. Siku ya mwisho, mbele ya macho ya mataifa arobaini, Nungunungu alipangiwa kucheza na Ushindi wa Daima.

Msomaji atauliza ni jambo gani la kizalendo ambalo Bwana Ladislaus alikuwa ameongeza katika programu ya watu. Alikuwa ameongeza amri moja tu, nayo aliiandika kwa mkono wake mwenyewe, ndiyo sababu ilijulikana kuwa ni yake: mfalme wetu harudi nyuma.

Hatua ishirini za kwanza Ushindi alicheza vizuri sana, kwa kuwa alikuwa Kometa. Katika hatua ya ishirini na moja Nungunungu alimtisha mfalme kwa farasi. Mfalme yeyote angerudi nyuma ya askari wake. Mfalme wa Ushindi alikwenda mbele.

"Tazameni mwendo huo!" alisema Mwenyekiti. "Mfalme anawaongoza askari wake!"

"Mheshimiwa, yuko peke yake," Kaspari alinong'ona.

Nungunungu hakufanya haraka. Waliachwa askari wawili wa bure, hakuwala. Skolastika, aliyeketi nyuma na mikono ndani ya kanga, aliona hivyo akafumba macho, maana alikuwa ameijua ile subira tangu zamani. Mfalme alitishwa tena, akasonga tena mbele. Akavuka katikati ya ubao, akawaacha hata farasi wake.

"Zima mtandao," alisema Bwana Ladislaus.

"Nikizima, sheria ya mataifa inasema aliyezima ameshindwa," alijibu Kaspari.

"Basi mwambie arudi nyuma! Mwambie!"

"Nani, Mzee? Hajui maneno."

Katika hatua ya hamsini na nne mfalme wa Ushindi alifungwa, akiwa amesimama katika safu ya mwisho ya adui, amezungukwa pande zote, uso mbele.

*

Kesi ilisikilizwa kesho yake. Nungunungu hakushtakiwa kwa kushinda; kushinda si kosa katika nchi ile. Alishtakiwa kwa kumtishia mfalme mara kumi na nne hadharani, na kumfunga bila kumpa notisi ya siku saba. Kwa kuwa alikuwa mtoto wa Rais, hakupelekwa gerezani. Alihukumiwa kufutwa kwenye mashine, na diski zake kupondwa. Lakini utaratibu wa nchi ulitaka kwamba mkosaji asiadhibiwe kabla hajaandika maelezo yake yote, kwa mkono, tangu neno la kwanza alilopata kufikiri hata la mwisho. Na kwa kuwa mkosaji hakuwa na mkono, aliamriwa mama yake aandike kwa niaba yake.

Ilikuwa mistari elfu thelathini na moja, mia mbili na minne.

Skolastika alipewa chumba, meza, kalamu za wino na madaftari makubwa, na Kaspari akawekwa kumsimamia. Aliandika kuanzia saa mbili asubuhi hata saa kumi jioni, kwa miezi saba. Kidole cha kati kikaota sugu. Mstari kwa mstari alimwandika Kalisti: namna alivyomwacha farasi wa pembeni, namna alivyomtilia shaka askari wa bure.

Mwezi wa tano, kwenye mstari wa elfu kumi na tisa, mia nne na sita, kalamu ilisimama.

"Umechoka, mama?" aliuliza Kaspari.

"Hapa nilikosea. Tazama. Nilimfanya asubiri hata pale ambapo Kalisti asingesubiri. Mfalme yule angefungwa hatua tisa mapema."

Kaspari aliusoma mstari. Kisha alitazama mlango, akatazama dirisha.

"Utaratibu unasema mkosaji aandike ukweli wote," alisema. "Hausemi aandike ukweli wa zamani."

Skolastika aliandika mstari mwingine mahali pake.

Mwisho wa mwezi wa saba madaftari ishirini na mawili yaliwekwa mbele ya Mwenyekiti. Kompyuta ilifutwa, swali la kioo likajibiwa, nyundo ikafanya kazi yake. Skolastika alitazama yote bila kugeuza uso. Mwenyekiti alifungua daftari la kwanza, akaona hajui kulisoma, akaridhika. Kisha akauliza yale yanayoulizwa na kila Mwenyekiti.

"Adhabu imekufundisha, bibi?"

"Imenifundisha sana, Mheshimiwa."

Kaspari akachukua muhuri, akaulowesha wino, akaugonga juu ya daftari la mwisho: ADHABU IMELIPWA. Kisha akampa Skolastika karatasi yake ya kutokea na, kama kanuni ilivyoagiza, nakala ya mkosaji ya maelezo yake: madaftari ishirini na mawili mengine, yaliyoandikwa kwa mwandiko mdogo, wa kijana mwenye adabu. Skolastika aliyafunga kwa kanga, akayabeba mgongoni, akatoka.